Katikati ya Spika Mbili

Mwimbaji alivuta pumzi mara mbili.

Fundi alikuwa ameusikia wimbo ule zaidi ya mara elfu mbili. Gita linaanza peke yake, kinafuata kimya kidogo, mwanamke anavuta pumzi, anaimba. Pumzi moja. Lakini alasiri ile ya Jumapili, siku ya kwanza ya spika mpya, mwanamke alivuta pumzi yake, na kabla hajaimba neno ikasikika pumzi ya pili, nzito zaidi, iliyochelewa kidogo, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya bega lake.

Aliinuka, akairudisha sindano mwanzo wa santuri. Pumzi mbili. Akairudisha tena. Mbili.

Mtu mwingine angeogopa. Fundi alifurahi, tena alifurahi kama mtoto. Si ndiyo maana ya spika za maana? Zinafukua vitu ambavyo spika za kawaida huvizika. Bila shaka studioni kulikuwa na mtu wa pili, pengine mpiga gita mwenye mafua. Akachukua daftari lake, akaandika chini ya safu ya spika mpya: "Pumzi mbili. Undani wa ajabu."

Kwa kazi alikuwa fundi wa meno bandia. Daktari hukaa chumba cha mbele na wagonjwa, akasalimiwa na kushukuriwa. Fundi alikaa chumba cha nyuma cha kliniki na vinywa vya plasta. Chapa ya ufizi wa mtu huletwa kwenye boksi lenye namba, yeye anachonga nta, anapanga meno, anarudisha boksi. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amewawezesha watu kutafuna na kucheka, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Akimwona mtu barabarani anacheka vizuri, hujiuliza kama ile ni kazi yake. Lakini utamwambiaje mtu usiyemjua afungue mdomo?

Nyumbani hakukuwa na mtu. Mkewe alikuwa ameondoka miaka sita iliyopita, bila ugomvi, jambo ambalo ni baya kuliko ugomvi, maana mtu hapati hata la kujutia. Alichosema mlangoni ni kwamba amechoka kuishi na mtu anayesikiliza kila kitu na hajibu chochote. Tangu siku hiyo Fundi alikuwa na santuri zake, amplifaya yake na jozi ya spika ndogo za mbao juu ya stendi, ambazo alizipenda sana hadi alipozisikia hizi kubwa dukani.

Hizi kubwa zilikuwa nyeusi, ndefu kufika kifuani, na alizipata kwa mkopo wa wiki moja kutoka kwa muuzaji aliyeitwa Besi. Jina hilo alipewa kwa sababu kwake yeye spika isiyotikisa madirisha ni mgonjwa.

"Nenda nazo, bosi, ukajaribu," Besi alimwambia. "Ukizisikia wiki nzima hutaweza kuzirudisha, nakujua. Jumamosi saa tisa nakuja. Ama tunaandikiana, ama nazipakia kwenye gari."

Na Jumamosi hiyo hiyo, saa sita, alikuwa anakuja dada yake. Dada alikuwa amemwandalia chumba kwake. Watoto wake wamekua wamehama, mumewe ameridhia, kitanda kimetandikwa tayari. Sharti lilikuwa moja: ile mitambo haiingii, chumba ni kidogo.

"Utakuwa na watu wa kula nao, mdogo wangu," alimwambia kwenye simu. Alimpigia kila wiki, akaongea saa nzima peke yake. "Wewe husemi kitu. Nikikata simu nahisi nilikuwa naongea na ukuta. Njoo ukae nasi, hata kama hutasema neno, nitakuona unavyokula."

Kwa hiyo wiki ile Fundi alikuwa na jambo moja la kuamua: chumba cha dada au spika za Besi. Mtu mwenye akili timamu angeamua kabla chai haijapoa. Yeye alifungua daftari.

Jumatatu, baada ya kazi, alizilinganisha jozi mbili kama inavyotakiwa. Alifunga madirisha, akashusha mapazia, akachomoa friji kwa sababu ya mvumo wake, akazima simu. Alipima kwa futi ya utepe: umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila spika hadi sikio la aliyekaa kitini. Miguu ya kiti iliwekewa alama za utepe mweupe sakafuni. Kisha akakaa kimya dakika kumi ili masikio yatulie.

Inabidi hapa nieleze kitu kuhusu watu hawa wapenda sauti, maana bila hicho mtawaona wehu. Ukizipanga spika mbili sawasawa na ukakaa panapostahili, sauti haitoki tena kwenye maboksi. Mwimbaji anasimama katikati, hewani, mahali pasipo na kitu chochote, na unaweza kumwonyesha kwa kidole: mdomo wake ni pale, urefu huu kutoka sakafuni. Ukitoka kitini hatua mbili tu pembeni, anapotea, unabaki na maboksi mawili yanayopiga kelele. Wao huishi kwa ajili ya pale katikati.

Kwenye spika ndogo mwimbaji alisimama pale kama kivuli cha mtu, mpole, besi ikimfunika kidogo magotini. Pumzi moja. Akahamisha waya kwenda zile kubwa, sauti kiwango kile kile, wimbo ule ule. Mwanamke akatokea mzima, mate yakisikika ulimini mwake. Na nyuma yake yule mwingine, akihema.

Wimbo ukaisha. Fundi akanyanyua sindano. Yule mwingine akaendelea kuhema.

Fundi alibaki ameshika mkono wa sindano hewani. Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado kali nyuma ya mapazia, na mtaani mtu alikuwa anapiga honi. Alihesabu pumzi saba. Kisha akazima amplifaya, na pumzi zikaisha taratibu, jinsi mtu anavyotoka chumbani kwa adabu bila kubamiza mlango.

Akajiambia ni hitilafu ya umeme. Hakuandika kitu daftarini.

Jumanne alirudi kutoka kliniki, akavua viatu, akawasha amplifaya ili ipate moto wakati anaosha uso. Hakuwa ameweka santuri. Alikuwa na taulo usoni sauti iliposema, pale katikati, kwa upole, "Umerudi?"

Taulo lilimdondoka. Akashika mwimo wa mlango. Lakini nitasema ukweli wake, maana yeye mwenyewe hakuuficha baadaye: chini ya ile hofu, chini kabisa, kulikuwa na kitu kingine. Miaka sita hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Nimerudi," alinong'ona.

"Umeshakula?"

"Bado."

"Kula kwanza."

Akala amesimama jikoni, na sauti ikamsubiri. Alipokaa kitini ilimuuliza kazi ilikuwaje. Yeye akafanya anachokijua, yaani alisikiliza. Na alichokisikia kilimshughulisha kuliko hofu yenyewe. Hewa ilikuwa inavuja kwenye maneno. Ilitoka ovyo, katikati, juu. Fundi alikuwa na miaka ishirini na mbili ya kujua kinywa bila kukiona, akapata jibu palepale: kinywa kipana, cha mtu mkubwa, hakina meno manne ya mbele ya juu.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo wewe na mimi tusingeweza kulifanya hata tukilazimishwa. Jumatano, chumba cha nyuma cha kliniki, baada ya kumaliza maboksi yenye namba, alitengeneza boksi lisilo na namba. Aliyeyusha nta ya rangi ya waridi, akaikunja kwa upana alioukisia kwa sikio, akapanga meno manne. Alijicheka. Akasema ni mazoezi tu. Jioni ile akaweka kigoda katikati ya spika, juu yake kitambaa safi, juu ya kitambaa meno. Akazima kila kitu, akaenda kulala mapema akiwa amefunga mlango wa chumba kwa kitasa na kiti.

Alfajiri nta ilikuwa na alama za kuumwa. Aliichukua akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Upande wa juu ulikuwa umekaa vizuri. Upande wa chini, meno yaliyouma yalikuwa safu mbili, moja nyuma ya nyingine, na ile ya nyuma ilikuwa na ncha nyembamba. Kulikuwa na harufu pia, ile anayoifahamu ya kinywa kilichofungwa muda mrefu, ila hii ilikuwa ya muda mrefu kupita umri wa mtu.

Nywele zilimsimama. Na bado, jamani, bado! jicho la ufundi likaona kwamba nta imebanwa mno upande wa kushoto. Jino la pili lilikuwa refu. Lilikuwa linamuumiza mteja.

Akaenda na meno yale kazini, akalipunguza lile refu, na saa ya chakula cha mchana akarudi nyumbani kuyaweka tena kigodani.

Alhamisi jioni hakuyakuta meno kigodani. Aliwasha amplifaya, na sauti iliyotoka ilikuwa kamili, nzuri, kila neno limekatwa penye mwisho wake. Haikumuuliza kama amekula.

"Sogea," ilisema.

Alikaa kitini. Kiti kilikuwa mbele ya alama za utepe mweupe, kama shubiri mbili. Hakukumbuka kukisogeza.

"Sogea kidogo. Huko mbali hunisikii."

Akasogea. Sauti ikawa tamu zaidi, na ilimweleza mambo aliyoyafanya utotoni ambayo hakumwambia mtu, ikayaeleza bila kumcheka, na kila ilipomaliza jambo moja ilisema neno lile lile, naye akasogeza kiti, na alipotazama saa ukutani akaona ni Ijumaa, saa mbili asubuhi, kwamba hakulala wala hakunywa maji, kwamba kiti kimefika karibu kabisa na mstari wa spika kiasi kwamba angenyoosha mkono angegusa ile hewa ya katikati, na kwamba hewa ile ilikuwa ya joto.

Kliniki haikumwona siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili. Wakampigia dada yake. Dada akapiga simu ya nyumbani, ile ya mezani ambayo Fundi alisahau kuichomoa.

"Uko salama? Wewe! Unaumwa?"

"Niko salama, Dada."

"Mbona kazini hu—"

"Nani huyo?" ikauliza sauti ya katikati.

Dada yake, mtu wa kuongea mfululizo, akashusha sauti.

"Mdogo wangu," alisema polepole. "Uko na nani hapo ndani?"

Fundi akatazama kati ya spika.

"Nakuja. Usifunge mlango."

Alifika saa nane mchana na mganga, mwanamke mfupi wa makamo, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi shingoni na mafua yaliyomfanya apenge kila baada ya sentensi. Usingemtazama mara mbili kwenye foleni. Mganga huyo hakuuliza jina la mtu. Alizima amplifaya kwanza, kwa kidole kimoja, kisha akaanza kuzunguka sebule.

"Hapa anakaa nani?" akaonyesha kiti.

"Mimi."

"Na hapo kati?"

"Hapo hakai mtu. Huachwa wazi."

"Kwa nini?"

Fundi akamweleza habari ya mwimbaji anayesimama pasipo na kitu. Mganga akasikiliza, kichwa upande.

"Nieleze unavyofanya, hatua kwa hatua."

"Nafunga madirisha. Nashusha mapazia. Nachomoa friji, nazima simu. Napima umbali, upande huu na huu. Nakaa kimya dakika kumi. Halafu naweka wimbo."

"Wimbo mmoja?"

"Ule ule. Ili nilinganishe."

"Saa ile ile?"

"Nikitoka kazini."

"Kila siku. Miaka mingapi?"

"Sita."

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Mwanangu," alisema, "sisi tunaowaita wasioonekana hatufanyi zaidi ya hayo. Mara nyingi tunafanya pungufu."

Dada alianza kulia bila sauti. Mganga akapenga.

"Zile ndogo zilimwita. Hizi kubwa zimempa pa kusimama. Niambie la mwisho, na usinidanganye. Kuna kitu chochote umempa?"

Fundi aliangalia vidole vyake. "Meno."

"Meno?"

"Manne, ya juu. Halafu nikayarekebisha, maana yalikuwa yanambana."

"Mungu wangu!" Dada akashika kichwa. "Yalikuwa yanambana!"

Mganga peke yake hakushangaa. Alionekana kuchoka tu. "Kuna namna ya kumtoa mwimbaji pale kati bila kuzima muziki?"

Fundi akafikiri. "Ipo. Ni kosa la watu wasiojua. Ukigeuza waya za spika moja, chanya ikaenda penye hasi, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Zinapingana. Katikati panakuwa tupu, sauti inatapakaa kuta zote, huwezi kusema mtu yuko wapi."

"Basi fanya kosa hilo."

Akageuza waya za spika ya kushoto. Mganga akamwambia aweke wimbo wake, naye akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, amesimama mbele ya kigoda, mkono mmoja ukiwa na leso. Gita lilianza, na halikuwa mahali popote. Mwanamke alipoimba aliimba kutoka kwenye mapazia, kutoka chini ya meza, kutoka nyuma ya shingo zao, mwembamba, hana kifua. Na yule mwingine akasikika akitafuta pa kusimama. Alipita ukuta wa kulia, akapita dari, akarudi sakafuni, akihema kwa haraka, na ile harufu ikajaa sebuleni hadi dada akaziba pua kwa mikono miwili, na taa ikapungua mwanga, na vioo vya dirisha vikatetema ingawa wimbo wenyewe hauna besi ya kutikisa hata kikombe, na mganga akapandisha sauti mara moja tu, neno moja. Kisha kitu kikadondoka katikati ya spika, kutoka hewani, kimo cha mdomo wa mtu mrefu.

Yalikuwa meno. Mganga akayafunga kwenye leso, akatia mkobani.

"Waya zibaki hivyo hivyo mpaka mitambo itoke humu ndani," alisema. "Kiti kigeuze kielekee ukutani, na usikikalie. Kesho nenda kwa dada yako. Upweke ndio uliomfungulia mlango. Mimi nimemtoa, lakini mlango siwezi kuufunga, utaufunga wewe mwenyewe."

"Twende leo," dada alisema.

"Kesho, Dada. Nipange vitu vyangu. Niage kliniki."

Alimtazama sana. "Saa sita kamili," akasema. "Ufunguo wako wa akiba ninao."

Jioni ile Fundi alifungasha nguo kwenye masanduku mawili, na kazi ikaisha mapema mno kwa mtu aliyeishi miaka hamsini. Hakukuwa na pumzi, wala harufu. Alikwenda jikoni akala, na hakuna aliyeuliza. Alilala vizuri. Alipoamka Jumamosi alitoka kununua mkate, akarudi, akafungua mlango, akavua viatu, akajikuta amesimama kimya na mkate mkononi, anasubiri kuulizwa swali. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa aibu, maana alijua anamlilia nani.

Saa nne alianza kukusanya vitu vya Besi. Daftari lilikuwa mezani, wazi, safu moja imejaa na nyingine nusu. Hukumu haikuwa imeandikwa. Na hapo akili yake, ambayo ilikuwa inatafuta njia tangu usiku, ikaipata. Haikuwa haki, alijiambia, kuzirudisha spika za hadhi ile bila kuzisikiliza hata mara moja kwa utulivu, zikiwa zimeunganishwa sawasawa. Wimbo mmoja tu. Hatakaa kitini, atasikiliza akiwa amesimama. Aandike hukumu, afunge daftari, aende zake kwa dada yake.

Alipiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, akarudisha chanya penye chanya. Akaweka santuri. Gita likaanza, mwanamke akavuta pumzi, moja, akaimba, na alikuwa mwanamke tu. Hakukuwa na mtu nyuma yake. Fundi alisimama pale kati ya spika mbili, mahali ambapo katika miaka sita hakuwahi kukanyaga wimbo ukiwa unapigwa, akasikiliza hadi mwisho, na moyo wake ukapoa, ukawa mzito.

"Upo?" aliuliza.

"Nipo," ilijibu sauti. Haikutoka pale aliposimama. Ilitoka kitini.

Kiti kilikuwa hakielekei tena ukutani. Kilikuwa kinamtazama, juu ya alama zake za utepe mweupe, na mto wake ulikuwa umebonyea. Juu ya mikono ya kiti palikuwa na mikono mingine, mirefu, imetulia.

"Nimesimama muda mrefu mno," sauti ilisema, hewa ikivuja katikati ya maneno. "Zamu yako. Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nakusikiliza."

Alitaka kukimbia, na nadhani mwili wake ulijaribu. Lakini alipoinua mguu hakukuwa na mguu, kulikuwa na mahali tu, palipopimwa vizuri, na kila alichokuwa nacho kilikuwa kimepanda kikakaa kwenye sauti. Akafungua mdomo ili apige kelele na ikatoka hadithi. Alisimulia chumba cha nyuma, maboksi yenye namba, mkewe mlangoni, maneno aliyotaka kumwambia na hakumwambia. Alisimulia miaka yote, neno baada ya neno, kwa sauti ambayo hakujua anayo, pana, ya joto, na yule wa kitini hakumkatiza hata mara moja, aliinamisha tu kichwa mbele, na Fundi, Mungu amsamehe, kwa muda fulani alikuwa na furaha.

Kisha ufunguo ukazunguka mlangoni.

"Mdogo wangu? Nimefika."

Dada aliingia sebuleni na mkoba begani. Aliona masanduku mawili yamefungwa, mkate mezani, spika mbili nyeusi. Alitazama palepale aliposimama ndugu yake, akaangaza macho kulia, akaangaza kushoto, asimwone.

"Dada, toka!" alisema Fundi. "Toka nje, usikae hapo kitini, kuna mtu amekaa, toka!"

Dada alisimama. Uso wake ulibadilika. Pale mlangoni, pembeni, hayakumfikia maneno, ilimfikia sauti tu, imetawanyika, ya mdogo wake bila shaka, akiongea kwa haraka na kwa moyo wote kama hajawahi kuongea naye tangu wakiwa wadogo.

"Umejirekodi?" alisema, machozi yakimlengalenga, nusu anacheka. "Wewe! Umeniachia maneno? Huku hayasikiki vizuri, ngoja."

Akasogea hatua moja, akatega sikio. Akasogea nyingine. Fundi akajaribu kunyamaza, akakuta kunyamaza, kazi aliyoifanya maisha yake yote, hakuwezi tena. Kadiri alivyomsihi ndivyo sauti ilivyopendeza, na kadiri ilivyopendeza ndivyo dada alivyotafuta mahali pa kuisikia vizuri. Kitini, ile mikono mirefu iliinuka kidogo, ikafunguka.

Dada aliweka mkoba chini. Akafuta macho kwa kiganja, akakigusa kiti kwa mkono kama anayekipima, akaketi, akaegemea nyuma.

"Haya, nimekaa," alisema. "Sema sasa, mdogo wangu. Nakusikiliza."